Lenzi Fupi na Ubatizo wa Mama Dinah

Miaka hiyo Bungoma nzima ilikuwa na imani moja kuhusu picha: lenzi ndefu ndiyo lenzi. Mwenye lenzi fupi alikuwa mtu wa pasipoti, wa kuambiwa akae nje kwanza, ataitwa. Mwenye lenzi ndefu akifika matangani alipishwa mpaka kando ya jeneza, wajomba wakajipanga wenyewe bila kuombwa, na hata mchungaji akazidisha utakatifu kidogo alipoona inamwelekea. Nani alianzisha imani hiyo, sijui. Ninachojua ni kwamba Levi Wepukhulu, mwenye studio ndogo pale Kanduyi, aliishika kuliko wote.

Lenzi yake ilikuwa ya kuvuta, nyeusi, nzito. Ukizungusha shingo yake ilichomoza mbele hatua kwa hatua mpaka ikalingana na mkono wa mtoto. Akiwa mwisho mmoja wa uwanja wa michezo, Levi aliweza kukuonyesha meno ya mtu aliyesimama mwisho wa pili, na alipenda sana kukuonyesha, utake usitake. Ile nyingine, fupi, ya plastiki, nayo ya kuvuta lakini kidogo tu, iliyokuja na kamera, alimwachia mkewe Phelista awapigie watu picha za vitambulisho. Nyumbani waliiita kalenzi.

Usimwone Levi kuwa mtu wa majivuno tu. Alikuwa mtu mwema. Familia ikifiwa na haina kitu, alichapisha picha za mazishi na kuzipeleka mwenyewe kwa baiskeli, akidai eti alikuwa anapita tu. Na kila mwezi alipanda kwenda Kitale kumwona mama yake, Mama Dinah, ambaye kwa Kibukusu alimwita Mayi, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye shamba la mahindi nje ya mji. Ni huko, Novemba ya mwaka 2006, wakipura maharagwe uani, mama alimwuliza swali ambalo Levi hakulitegemea hata kidogo.

"Wewe unapiga picha za watu wako hai na za watu wamekufa. Za ndani ya maji unaweza?"

"Maji gani, Mayi?"

"Ya ubatizo. Yangu."

Levi akaacha kupura. Kanisa la mama yake lilibatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima, na Mama Dinah alikuwa amekataa kuzamishwa tangu kabla Levi hajazaliwa. Aliimba kwaya, alipika kwenye mikutano, alifagia kanisa kila Jumamosi, lakini meza ya Bwana ikiandaliwa alibaki benchi la nyuma na watoto. Waumini wageni walidhani ana dhambi fulani nzito. Wenyeji walijua kwamba anaogopa maji na wakanyamaza, maana walijua na sababu yake.

Sababu ilikuwa Naliaka. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa miaka sita, aliyechukuliwa na mto Nzoia karibu na Moi's Bridge, siku ambayo Mama Dinah alimpa kisogo muda wa kukamua shuka moja tu. Levi alikuwa hajazaliwa. Alikua katika nyumba ambamo jina hilo halikutajwa, na yale machache aliyoyajua aliyapata kwa shangazi, kwa kunong'onezewa. Sasa mama yake alikuwa akimtaja huyo mtoto mchana kweupe, mikono yake ikiendelea na maharagwe.

"Nimezeeka," alisema. "Nataka kukaribia meza kabla sijaenda. Mwezi wa kumi na mbili nitaingia. Lakini najijua, nitafunga macho. Kwa hivyo wewe uniangalizie. Unipigie picha nikiwa ndani, nione kule chini kukoje. Miaka hii yote najiuliza huyo mtoto alikuwa mahali gani. Kama ni giza, basi nijue ni giza."

Levi alitaka kumwambia kwamba kazi kama hiyo hajawahi kuifanya, kwamba Bungoma hakuna anayeifanya, kwamba hata vifaa hana. Alijikuta akisema, "Sawa, Mayi."

Bahati nzuri alikuwa na Munene. Huyu walijifunza naye kazi Nakuru ujanani, kisha akahamia Watamu, akawa anawapiga watalii picha wakizama kutazama samaki. Masikio yalikuwa yamemharibikia na daktari alimkataza kuzama tena. Levi alipompigia simu, Munene hakuuliza mara mbili. Alifunga vifaa vyake kwenye katoni na kuvituma kwa basi. Kulikuwa na kasha gumu la kuhifadhi kamera isilowe, lenye dirisha bapa la kioo mbele na vifundo vya kuzungushia pembeni. Na kulikuwa na lenzi ya maji, kitu cha kioo kizito, kipana kama sahani ya chai, ambacho hukazwa nje ya lile dirisha wakati kasha liko tayari ndani ya maji.

"Sikiza bana," Munene alimwambia kwa simu. "Maji ni kama moshi. Ukirudi nyuma hatua moja, umeongeza moshi kati yako na mtu. Lazima umkaribie kabisa, hata ukimnyoshea mkono umguse. Hiyo lenzi ya maji ndiyo itakupanulia macho, usimkate kichwa. Lakini haifanyi kazi peke yake. Inategemea lenzi gani ya kuvuta umeweka huko ndani. Weka ile fupi ilikuja na kamera."

"Kalenzi ka pasipoti?"

"Hako hako. Kaache kwanza kakiwa kapana kabisa, uone vile pembe za picha zinaingia giza. Halafu uvute kidogo tu, pole pole, mpaka giza itoke. Ukivuta zaidi utapoteza upana. Na chunga sana, kwa sababu hiyo lenzi ya maji inataka mwenzake mwenye anaona karibu, sio..."

"Nimekupata," Levi akamkatiza.

Hakuwa amempata. Moyoni alikuwa akijiuliza ataendaje kwenye ubatizo wa mama yake mzazi, mbele ya kanisa zima na jamaa wa kutoka Webuye mpaka Kitale, na kalenzi. Na kichekesho ni kwamba ndani ya kasha lile hakuna binadamu ambaye angeiona lenzi yoyote. Lakini kiburi hakihitaji watazamaji, na Levi aliacha kalenzi Kanduyi na Phelista, akapanda Kitale na lenzi yake ndefu.

Pale mjini palikuwa na hoteli yenye bwawa la kuogelea, na mtu wa kulisafisha alikuwa Kimaiyo, rafiki wa Levi tangu alipompigia picha za harusi. Asubuhi wageni wakiwa kwenye chai, Kimaiyo alimruhusu kuingia, tena akajitolea kuwa ndiye wa kupigwa. Lenzi ndefu iliingia kwenye kasha kwa shida, ikiwa imekunjwa yote. Levi alipojaribu kuivuta kidogo, pua yake iligonga kioo, tak! Haikuwa na pa kwenda. Akaiacha vivyo hivyo, pana kabisa, akakaza lenzi ya maji, akazama.

Picha ilimwonyesha Kimaiyo katikati, anacheka, kila unywele wake ukihesabika. Kumzunguka kulikuwa na duara nene jeusi tititi.

"Mbona niko kwa shimo?" Kimaiyo aliuliza, akichungulia kioo cha kamera huku akitoa maji sikioni.

"Hizo ni pembe tu, nitazikata. Si unaona uso vile umetoka safi?"

Hakuona alichoonyeshwa na Kimaiyo, kwa sababu alishaipenda picha. Na kwa furaha yake hiyo, jioni ile ile akampelekea mama yake picha aione. Hili ndilo kosa ambalo hata leo akilikumbuka anafumba macho.

Mama Dinah aliishika kamera kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda mrefu mno.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini, Mayi?"

"Kumbe ni shimo. Mtu anaona kaduara kadogo hapo juu, halafu giza kila mahali."

Levi alianza kueleza. Alieleza kioo, akaeleza kasha, akaeleza pembe, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kufunga. Mama Dinah hakulia. Afadhali angelia.

"Usinidanganye eti kwa sababu mimi ni mama yako," alisema, akimrudishia kamera. "Nilikuambia kama ni giza nijue. Nimejua. Sasa uwaambie watu wa kanisa siingii."

Levi aliteremka Bungoma shingo upande. Alimsimulia Phelista yote bila kujipendelea, akingoja kugombezwa. Phelista alikuwa akikata picha za pasipoti kwa mkasi, na hakuuacha mkasi wake.

"Hiyo giza," aliuliza, "ni ya maji ama ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi iondoe."

Nyuma ya studio kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Asubuhi Phelista aliliosha, akalijaza maji safi mpaka mdomoni, akadondosha chini kikombe cha bati chenye ua jekundu, kikawa ndiye Mama Dinah. Na unadhani Levi alikwenda moja kwa moja kwa kalenzi? Wapi! Alichukua kwanza lenzi yake ya zamani ya harusi, ya enzi za filamu, ambayo si ndefu sana na bado ina heshima kidogo. Hiyo haikuleta giza hata chembe. Ila kikombe kilitoka kama uji. Akazungusha, akasogeza, akarudia, uji. Hapo ndipo alipokumbuka maneno ambayo hakumwacha Munene ayamalize: lenzi ya maji inataka mwenzake anayeona karibu. Ile ya harusi ilizoea kuwatazama bibi na bwana harusi kutoka mbali. Kitu kikiwa puani pake, ilikuwa kipofu.

Phelista alinyoosha mkono, na katika kiganja chake kulikuwa na kalenzi.

Kalenzi kaliingia kwenye kasha kama kalizaliwa humo. Kakiwa kapana kabisa, pembe nne ziliingia weusi, vile Munene alivyosema. Levi, mikono ikiwa ndani ya pipa mpaka mabegani, alizungusha kifundo polepole. Weusi ukarudi nyuma, ukabaki kama kucha, ukatoka. Akapiga. Kwenye picha kulikuwa na ua jekundu kali, kikombe kizima, ubavu wa pipa, na juu yake anga la Kanduyi likiwa jeupe limejaa mwanga mpaka ukingoni. Levi alicheka peke yake, nywele zikimchuruzika maji, halafu ghafla akaacha kucheka. Alikuwa amemwonyesha mama yake giza ambalo halikuwepo, na amelitoa mfukoni mwake mwenyewe.

Alipanda tena Kitale. Mama Dinah hakutaka hata kuitazama picha ya pipa. Kikombe sio mtu, alisema.

"Mayi, nisikize," Levi akamwambia, na safari hii hakueleza vioo. "Niliambiwa niweke lenzi fupi, nikaona haya. Nikaweka ile ya kujionyesha. Giza ilikuwa ya lenzi yangu, haikuwa ya maji. Nimekukosea wewe, na nimemkosea huyo mtoto."

Mama yake alimtazama. Labda ni kwa sababu hakuwahi kumsikia Levi akisema neno baya kuhusu lenzi ile.

"Siku hiyo wewe utakuwa wapi?" aliuliza mwishowe.

"Ndani ya maji. Chini, mbele yako."

"Utaingia kabla yangu?"

"Kabla yako."

Mama Dinah hakusema ndiyo. Alisema gauni jeupe alilopewa na kanisa ni refu, lipunguzwe pindo.

Ubatizo ulikuwa kwenye bwawa la chemchemi, upande wa kwenda Elgon, ambako maji ya Desemba hutulia na kukuonyesha kokoto. Levi alikuwa amejipangia mambo vizuri: vijana wangetangulia, naye angefanyia mazoezi kwao mpaka mkono uzoee, mama akija akute mtu tayari. Alikuwa amesahau kwamba kwa kanisa lile, kama kwa karibu kila kitu huko kwetu, mkubwa hutangulia. Mchungaji Kipkirui aliingia maji yakamfika kifuani, akafungua mdomo, na jina la kwanza aliloita lilikuwa la Mama Dinah.

Levi karibu adondoshe kasha. Aliruka majini na mavazi yake yote, akavaa miwani ya kuzamia kombo, akaivaa tena. Akaizamisha lenzi ya maji, akaitikisa hewa yote itoke kati yake na dirisha la kasha, maana kiputo kimoja kikibaki humo picha imekwenda, akaikaza. Akachungulia. Duara jeusi! Kalenzi kalikuwa kamejirudisha kenyewe kwenye upana wake wote njiani, kwa kutikiswa. Alizungusha, na kifundo kikawa kigumu kama kimeota kutu.

Kilichomwokoa ni hofu ya mama yake. Mama Dinah alikuwa ameingia mpaka kiunoni akasimama. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Kwaya ilimaliza wimbo, ikauanza tena, ikaumaliza tena. Mchungaji alimnyooshea mkono, mama hakuuona. Alikuwa akitafuta juu ya maji kwa macho, huku na huku, mpaka alipomwona Levi na ile miwani yake ya kombo.

"Uko hapo?" aliita kwa Kibukusu.

"Niko hapa, Mayi."

"Basi tangulia."

Levi alivuta pumzi akashuka. Alipiga magoti kwenye kokoto, akazungusha kifundo, na safari hii kilikubali. Weusi ukaondoka kwenye pembe, moja, nyingine, zote. Aliona gauni jeupe likija, likivimba kila upande. Aliona mikono ya mchungaji. Kisha uso wa mama yake ukashuka kwake, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa shavu, na mama yake alikuwa amefumbua macho.

Alipiga. Hakumbuki mara ngapi. Aliporudi juu kwaya ilikuwa ikipiga vigelegele na Mama Dinah anakohoa, analia, anacheka, wanawake wanamfunika leso.

Hakumwonyesha hapo. Alimngoja mpaka wamerudi nyumbani, amebadilisha nguo, amekaa kwenye kiti chake, na Phelista, aliyekuja naye kwa ubatizo, ameenda jikoni kuweka chai. Ndipo akamwekea kamera magotini. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa mteja yeyote.

Juu ya kichwa cha mama yake, uso wa maji ulikuwa mweupe wote kwa jua. Viputo vilipanda pembeni ya kitambaa. Rangi ya kijani hafifu ilienea mpaka ukingoni, na kwenye pembe zote nne kulikuwa na mwanga.

Mama Dinah alipitisha kidole kwenye kona moja, kisha nyingine, kana kwamba anatafuta vumbi.

"Hakuna giza," alisema.

"Hakuna, Mayi."

"Na haujakata pembe."

"Sijakata. Ni yote hiyo."

Mama Dinah aliisogeza kamera karibu na macho. Kisha akasema, "Mimi nilifungua macho. Nilikuwa nimejiambia sitafungua, nikafungua. Nikakuona." Akaifunika kamera kwa viganja vyote viwili. "Yeye hakuona mtu."

Levi alikaa sakafuni kando ya miguu ya mama yake na kulia, mtu wa miaka arobaini na miwili. Mama yake alimwacha alie. Nje kuku waliparua, jikoni Phelista akagonganisha vikombe.

"Alikuwa mwizi wa sukari, huyo," Mama Dinah alisema.

Levi aliinua kichwa.

"Naliaka. Ukimtuma dukani anafungua karatasi njiani. Ukimwuliza, anaapa ati ni nyuki." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mwanamke kijana mwenye hasira ya uongo. "Na mdomo! Angekuwa hapa saa hii angekuambia hiyo miwani yako ya maji ilikuwa kombo mbele ya kanisa."

Phelista alikuja na chai akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Miaka yote Levi alikuwa amejua jambo moja tu kuhusu dada yake, jinsi alivyokufa. Picha ya Naliaka haikuwahi kupigwa hata moja. Nani angempiga, wakati ule, mtoto wa kibarua wa shamba? Sasa mama yake alikuwa akiongea bila kusita, chai ikipoa: kwamba alikimbia kwa ubavu, kwamba aliogopa jogoo, kwamba jino la mbele lilikuwa limeng'oka wiki ile ile ya kifo chake naye akaona haya.

"Kwa hivyo akicheka," alisema, "alikuwa anafunika mdomo. Hivi."

Mama Dinah akainua mkono wake uliokunjamana, akafunika mdomo, akainamisha kichwa kidogo upande, macho yakimcheka juu ya vidole. Na Levi akamwona dada yake.